Foleni ya Fizikia

Shule ile ilikuwa na utaratibu wake wa kuchagua masomo, na utaratibu wenyewe haukuwa wa karatasi. Zamani wanafunzi walikuwa wakijaza fomu nyumbani, lakini wazazi wakazoea kuzifuta na kuandika wanayoyataka wao, ikawa mtoto analala mwanakompyuta anaamka mhasibu. Mkuu wa shule, mama mmoja asiyependa longolongo, akazitupa fomu zote. Akasema kila mwalimu wa somo la hiari asimame uwanjani, aseme yake, kisha kila mwanafunzi wa kidato cha pili aende kwa miguu yake mwenyewe akasimame mbele ya mwalimu anayemtaka. Foleni ikiwa ndefu, umepata darasa. Ikiwa fupi, pole. Na chini ya watu kumi, somo linafungwa.

Mwalimu wa fizikia, ambaye wanafunzi walimwita Wati kwa sababu hakuweza kupita karibu na taa inayowaka mchana bila kuizima huku akinung'unika, alikuwa amenusurika mwaka uliotangulia kwa mtu mmoja. Na huyo mmoja mwenyewe alikuwa amekosea foleni. Alidhani anapanga mstari wa chai. Alikuja kuzinduka wiki ya pili, ameshakabidhiwa kitabu na ameshaulizwa maswali. Wati hakumwambia mtu. Mtu anayezama hamuulizi aliyemshika mkono kama alikuwa amekuja kuogelea.

Mwaka huu Mkuu alimwita ofisini mapema.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na fizikia," alisema. "Lakini wazazi wananiuliza swali moja tu: mtoto akishaisoma, atakula nini? Nami sina jibu. Usipofikisha kumi, maabara nampa mwalimu wa kompyuta, na wewe nitakutafutia kazi. Stoo haina mtu."

"Stoo, Mkuu?"

"Viti, mafagio, chaki. Si unapenda vipimo wewe? Kuna vitu vingi vya kupima mle."

Wati alitoka pale akarudi maabara. Hakuwa mtu wa mapenzi mengi. Alimpenda mkewe, alimpenda binti yake, na alipenda dakika ile maabara inapofungwa mapazia, mwanga mwembamba ukaingia kwenye kipande cha kioo na kutoka upande wa pili umekuwa rangi, na watoto waliokuwa wakipigana vikumbo wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Kwa ajili ya dakika ile alikuwa tayari kuvumilia mengi, ukiwemo mshahara wake. Mafagio hayana dakika kama hiyo.

Ubaya ni kwamba swali la wazazi alikuwa akilijua kuliko wazazi wenyewe. Alimaliza chuo akiwa wa kwanza katika darasa lake, akapigiwa makofi, akavishwa joho, kisha akarudi nyumbani kusubiri kuitwa. Hakuitwa. Alikwenda shirika la umeme wakamwambia wanataka mtu anayejua kupanda nguzo, si anayejua umeme ni nini. Alikwenda kiwanda cha magodoro. Wakamuuliza anaweza kufanya nini, naye akiwa bado na harufu ya chuo akajibu kwamba anaweza kuwaeleza kwa nini godoro linadunda. Wale mabwana wakatazamana. Mmoja akamwambia kwa upole kwamba wateja wao hawajawahi kuuliza. Akaishia kuuza swichi na balbu dukani kwa mjomba wake, hadi mjomba alipomwachisha kazi kwa kuwaelimisha wateja mpaka wanaondoka bila kununua. Ndipo akaingia ualimu, kama wengi wa aina yake walivyoingia, yaani kwa mlango wa nyuma na kwa muda tu, na muda huo sasa ulikuwa umeota mvi.

Basi akakaa akafikiri, na akili yake, ambayo haikuwa ndogo, ikamletea neno moja: wastani.

Alikuwa na wanafunzi wanne waliowahi kwenda hadi chuo kusomea fizikia. Mmoja alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu. Mmoja alikuwa mhubiri. Mmoja alikuwa bado anatafuta. Na wa nne alikuwa Desimali. Huyu aliitwa hivyo tangu akiwa shuleni kwa sababu alikuwa akikataa jibu lolote lisilo na nukta na tarakimu mbili mbele yake, na sasa alikuwa na ofisi ya vioo, kiyoyozi, na gari ambalo milango yake ilifungwa kwa sauti ya heshima. Ukiyajumlisha mapato yao wote ukagawa kwa nne, kila mmoja wao alikuwa tajiri. Hata yule anayetafuta alikuwa anapata kuliko mkuu wa shule.

Kulikuwa na tatizo dogo. Desimali alikuwa anafanya kazi kampuni ya kubeti mpira.

"Shikamoo, mwalimu!" Desimali aliinuka kwenye kiti chake kinachozunguka Wati alipomfuata ofisini. Ukutani kulikuwa na televisheni nyingi, kila moja ina mechi yake.

"Marahaba, mwanangu. Nakuomba Ijumaa uje shuleni uwaambie vijana kidogo kuhusu fizikia."

"Nitakuja, mwalimu. Wewe ni kama baba yangu."

"Njoo na gari."

"Sawa."

"Na wakikuuliza unafanya kazi gani, waambie unakokotoa uwezekano wa matukio."

"Ndivyo nifanyavyo."

"Basi uishie hapo hapo. Usiendelee mbele."

Desimali akacheka, lakini akakubali.

Jioni ile Wati aliuweka ubao mdogo juu ya meza ya sebuleni na kuanza kuchora. Sebule yenyewe ilikuwa nusu sebule nusu kiwanda, maana mkewe alishona sare za shule pale, na ukweli ambao hausemwi mbele ya wageni ni kwamba cherehani ile ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Mkewe aliendelea kukanyaga. Binti yao, aliyekuwa kidato cha pili shule hiyo hiyo, alikuwa anamshonea mama yake vifungo.

Msichana akainua macho, akausoma ubao.

"Baba, ukimtoa Desimali, wastani unabaki ngapi?"

"Kwa nini nimtoe? Kwani amefariki?"

"Wewe si ulitufundisha kwamba kipimo kimoja kikikaa mbali na vingine vyote, kwanza ukitilie shaka?"

Wati akafurahi na kukasirika kwa pamoja. Kwa miaka yote aliyofundisha kanuni ile, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuikumbuka nje ya chumba cha mtihani, na sasa aliyeikumbuka alikuwa ameikumbuka dhidi yake. Akafuta kimstari kimoja ambacho hakikuwa na kosa lolote, akakichora tena.

"Haya hayakuhusu," alisema. "Wewe unakwenda uhasibu. Hilo tumeshakubaliana."

Msichana akarudi kwenye vifungo vyake. Baba yake, kwa kuwa kimya hakikumtosha, akaanza tena habari ya kiwanda cha magodoro, na ya nguzo za umeme, na ya mjomba na balbu zake. Habari hizi binti alizisikia mara ya kwanza akiwa darasa la tatu, siku aliyorudi nyumbani na kusema akikua atakuwa kama baba. Tangu hapo hazikupita wiki nyingi bila kusimuliwa. Wengine huwatishia watoto wao zimwi. Yeye alimtishia wake fizikia.

Mkewe akasimamisha cherehani.

"Mwenzangu, watoto wa watu unawaita, wa kwako unamfukuza. Hiyo ni biashara gani?"

"Watoto wa watu wana wazazi wao wa kuwashauri."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," mkewe akasema, akakata uzi kwa meno. "Na wewe naona Ijumaa unakwenda kutembeza."

Ijumaa ikafika. Kidato cha pili wote wakatolewa uwanjani, jua likiwa halijakali. Walimu watatu walisimama mbele, kila mmoja ameshika bango lake. Mwalimu wa uhasibu, kijana wa viatu vinavyong'aa, alizungumza kwa sentensi mbili. Alisema pesa zipo kila mahali, na kila mahali zinamtaka mtu wa kuzihesabu. Akamaliza, akapigiwa makofi. Mwalimu wa kompyuta hakuwa na haja hata ya sentensi mbili; aliinua kompyuta ndogo juu, na hiyo ilitosha.

Wati akausimamisha ubao wake. Na lazima isemwe kwa haki kwamba siku ile alizungumza vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Alisema nyumba hizi, madaraja haya, simu hizi mnazozificha kwenye soksi, yote ni fizikia. Alisema dunia inawalilia watu wa fizikia. Hakusema inawalilia wapi. Aliwaonyesha wastani, na wanafunzi waliposoma tarakimu ile wakapiga mluzi.

"Wanangu," akasema, mkono kifuani, "mimi ni mzazi. Siwezi kumwonyesha mtoto njia ambayo mwenyewe sijaipita."

Na hilo ni kweli, alikuwa ameipita.

Kisha gari la Desimali likaingia taratibu, likasimama pembeni ya uwanja, na yeye akashuka na suti. Alisema maneno machache kuhusu uwezekano wa matukio na angeishia pale pale kama alivyoagizwa, lakini kulikuwa na kijana mmoja mrefu aliyeitwa Refa, kwa kuwa hakuna mechi ya uwanjani iliyochezwa bila yeye kushika filimbi, naye akanyoosha mkono.

"Kaka, matukio gani hasa?"

Desimali akamtazama mwalimu wake. Mwalimu akatazama mawingu.

"Ya mpira," Desimali akasema.

Uwanja ukalipuka. Mkuu wa shule akakohoa, akakohoa tena, lakini nani wa kumsikia? Vijana walitaka kujua Jumamosi nani atashinda. Desimali aliwaambia kwamba kazi yake si kujua nani atashinda, kazi yake ni kuhakikisha kampuni haishindwi, na kwamba wao wakibeti watapoteza, hilo amelikokotoa mwenyewe. Walicheka sana. Walidhani anawatania. Katika maneno yote yaliyosemwa asubuhi ile, hilo ndilo lililokuwa la kweli kuliko yote, na ndilo ambalo hakuna aliyeliamini.

Mkuu akapiga kengele. Watoto wakaanza kutembea.

Wengi walikwenda uhasibu, kama ilivyotarajiwa, na kundi kubwa likaenda kompyuta. Lakini mbele ya Wati akaja Refa, na nyuma yake rafiki zake wawili, kisha wasichana wawili walioshikana mikono, kisha wengine. Wati hakutaka kuhesabu, akahesabu. Tisa. Uwanjani walibaki wachache wasiojiamulia, nao wakaanza kumegeka kuelekea kwa mwenye viatu vya kung'aa. Tisa ni idadi mbaya kuliko sifuri, kwa sababu sifuri haikupi matumaini.

Mwishowe akabaki mtu mmoja katikati ya uwanja, amesimama akitazama viatu vyake. Alikuwa binti yake.

Shuleni walikuwa na desturi yao. Yeye alimwita baba yake Mwalimu, na baba yake alimwita kwa namba yake ya daftari kama wengine wote, ili asisemwe kwamba anapendelea. Msichana akainua uso. Akatembea, wala hakutembea kwa haraka, akaipita foleni ya uhasibu, akaipita ya kompyuta, akaja kusimama nyuma ya yule wa tisa. Wakawa kumi.

Kama Wati angenyamaza tu! Angeshusha pumzi, angeinua bango lake, maabara ingebaki yake, kioo chake na mapazia yake. Alikuwa amesema uongo asubuhi nzima na haukumkwama kooni hata mara moja. Lakini ukweli hauombi ruhusa. Alipomwona mtoto wake kwenye ile foleni, ubaba ukamtangulia ualimu, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama, hapa unafanya nini? Si tulikubaliana?"

Hakupaza sauti. Lakini foleni ya watu kumi si ndefu kiasi cha wa kwanza kutosikia anachoambiwa wa mwisho.

Refa akageuka kumtazama msichana, kisha akamgeukia mwalimu.

"Mlikubaliana nini, mwalimu?"

"Mambo ya nyumbani, mwanangu. Angalia mbele."

"Kwamba asije hapa?"

Wati akaona macho tisa, au tuseme macho ya watu tisa, yameganda usoni kwake. Watoto wa umri ule wanaweza kusamehe mengi, wanasamehe hata viboko, lakini kuonwa wajinga hawasamehe.

"Sisi unatuita wanao kila siku," Refa akasema, bila utovu wa adabu, kwa sauti ya mtu anayeuliza swali la darasani. "Sasa wanao ni wepi, sisi au huyu?"

Mwalimu angeweza kutafuta jibu. Ubao ulikuwa pale, wastani upo, Desimali yupo na suti yake. Lakini alikuwa amechoka, na aibu ilikuwa imemshika masikioni. Akauinamisha ubao chini.

"Nilimwambia asome uhasibu," akasema. "Samahanini, wanangu."

Hawakumzomea, na hilo lilimuuma zaidi. Wale wasichana wawili waliondoka wa kwanza, bado wameshikana mikono. Rafiki zake Refa wakafuata, na wengine nyuma yao. Mmoja alisema "Samahani, mwalimu" alipompita, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Refa alikuwa wa mwisho. Alisimama kidogo, akamtazama Desimali, akalitazama gari, akafikiri, kisha akaenda kompyuta. Desimali akajifanya anapokea simu ambayo haikuwa imelia.

Mbele ya bango la fizikia akabaki mtu mmoja.

"Nenda na wewe," Wati akamwambia kwa sauti ndogo. "Nenda, mama. Umeshayaona."

"Sikudanganyika mimi," binti akasema. "Wenzangu uliwaambia mazuri ambayo hayapo, ndiyo maana wameondoka. Mimi umeniambia mabaya yote tangu nikiwa darasa la tatu. Magodoro nayajua, nguzo nazijua, balbu za babu mjomba nazijua. Hakuna mtu katika uwanja huu aliyeambiwa ubaya wa fizikia kama mimi. Na bado nimekuja, baba."

Hakusema Mwalimu. Alisema baba, mbele ya uwanja mzima.

Kwa miaka yote Wati alikuwa akilalamika kwamba hajawahi kupata hata mwanafunzi mmoja anayelitaka somo kwa ajili yake lenyewe, asiyeuliza kwanza litamlipa nini. Kumbe alikuwa akila naye meza moja. Kumbe ndiye huyo aliyekuwa akimfukuza kila wiki kwa visa vya magodoro. Furaha ilimjaa kifuani, ikakuta huzuni imeshakaa, na machozi yakamtoka bila kificho.

Mkuu wa shule akafika na daftari lake kwapani. Alikuwa ameona, wala hakuwa mama wa moyo mbaya.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mmoja si darasa."

"Najua, Mkuu."

"Hata ningetaka."

"Najua."

Mkuu akamgeukia msichana, akamshika bega. "Haya, mwanangu. Kompyuta imejaa, nimeifunga sasa hivi. Uhasibu bado kuna nafasi. Twende."

Binti alimtazama baba yake, akingoja. Labda alidhani baba atakataa, ataomba, atalia zaidi, atafanya jambo lolote. Lakini baba angesema nini? Alikuwa ameliomba jambo hili kwa muda mrefu, asubuhi na jioni, akilipigia debe kwenye meza ya chakula, na sasa lilikuwa linatimizwa mbele ya macho yake, tena bila gharama. Msichana akageuka, akatembea hadi mwisho wa ile foleni ndefu. Mwalimu wa uhasibu akamnyooshea mkono kwa furaha.

"Karibu, karibu! Huku ndiko kwenye kazi!"

Foleni ikaanza kusogea kuelekea darasani. Wati akasimama na bango lake, akikiangalia kichwa cha binti yake kikitokeza na kupotea kati ya vichwa vingine. Akatamani kumwita arudi. Lakini arudi kwenye foleni ipi?